Uzi: Tom and Jerry mpya zimekosa nini? Tuongelee katuni za utotoni zinazorudishwa

Chogo Inchi 14 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita nilikaa na binti yangu wa miaka sita tuangalie Tom and Jerry kwenye simu. Niliweka ile mpya, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014. Haikufika dakika ya tatu akaniuliza kama hakuna kingine. Nikamwekea ya zamani, ile Tom anapiga piano ukumbini amevaa suti na Jerry amelala ndani ya piano. Imetoka mwaka 1947. Mtoto hakunyanyuka. Ilipoisha akasema neno moja: "Rudisha."

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Mimi nikisema za zamani zilikuwa bora, mtaniambia ni utoto wangu unaongea. Huyu hana utoto wa kuukumbuka, bado yumo ndani yake. Kwa nini achague ya miaka ya babu yake?

Mimi nimekulia Morogoro, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mtaani kwetu TV ilikuwa nyumba moja, chogo la inchi 14 juu ya kabati lenye kitambaa cha kufuma. Viatu mlangoni, watoto sakafuni. Mmoja wetu anakuwa nje ameshika mlingoti wa antena, sisi ndani tunapiga kelele "Hapo hapo! Usiachie!" Chenga zikipungua, paka anaonekana. Kiingereza hatukukijua hata kidogo. Katuni zenye maneno mengi alitutafsiria kaka yangu wa darasa la sita, na nimekuja kugundua ukubwani kwamba nyingi alizitunga mwenyewe. Tom and Jerry ilipoanza, kaka alinyamaza naye akaangalia. Haikuhitaji mtafsiri.

Hoja yangu ndiyo hii. Watoto wa huku tulizipokea katuni hizi bila lugha, tukazipima kwa macho. Kwa hiyo tunacho kipimo ambacho watu wa Marekani huenda hawanacho: zima sauti, uone kama hadithi bado inasomeka. Zile za 1940 hadi 1958, filamu fupi 114 za William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM, zinapita mtihani huo karibu zote. Walizorudisha baadaye, nyingi zinafeli.

Na wamerudisha mara nyingi kuliko tunavyodhani. MGM walifunga idara yao ya katuni mwaka 1957, baada ya wakubwa kuona kwamba filamu za zamani zikirudishwa kumbini zinaingiza karibu sawa na mpya. Miaka michache baadaye wakataka mpya, wakampa kazi Gene Deitch, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Prague, Chekoslovakia. Akatengeneza 13 kati ya 1961 na 1962. Mnazijua. Ni zile zenye sauti za mwangwi kama mtu amefungiwa ndani ya tangi, na Tom ana mwenye nyumba mnene mwenye hasira za kutisha. Sisi tulikuwa tunaziita "Tom and Jerry ya usiku". Tulikuwa watoto wa miaka saba na tuliitambua ndani ya sekunde kumi, hakuna aliyetuambia.

Akafuata Chuck Jones, 1963 hadi 1967, filamu 34, Tom akaota nyusi nene. Nzuri kuzitazama, ila Tom anapenda mno kuigeukia kamera. Kisha 1975 wakatengeneza za televisheni, na kwa kuwa wakati huo Marekani kulikuwa na kelele kuhusu ugomvi kwenye vipindi vya watoto, Tom na Jerry wakafanywa marafiki. Marafiki! Jerry kavalishwa tai nyekundu, wanasafiri pamoja wakisaidia watu. Hapo unajiuliza aliyeirudisha alikuwa anarudisha nini. Mwaka 1990 wakaja wakiwa watoto, 1992 wakatengenezewa filamu ndefu wakawa wanaongea, halafu 2006, halafu 2014, halafu 2021 filamu ya wanyama wa kuchorwa katikati ya watu halisi.

Nani kati yenu ana watoto na ameona kitu kama changu? Na katuni gani iliyorudishwa mnaona wameipatia?

---

Mwana wa Kisauni

Mleta uzi, ahsante kwa mada, lakini hapo kwenye kuzima sauti hatuko pamoja.

Ukizima sauti umeiua nusu ya Tom and Jerry. Muziki wa Scott Bradley ndio uliokuwa ukizungumza. Tom akinyata, vinanda vinanyata. Akianguka ngazini, kila daraja ina noti yake. Na ule ukelele wa Tom akibanwa mkia, ule ambao hata leo nikiusikia nyumba ya pili najua wanaangalia nini, ni sauti ya William Hanna mwenyewe. Mtengenezaji ndiye aliyepiga ukelele.

Sema zima *maneno*. Hapo tutaelewana.

Halafu kuhusu zilizopatiwa, naleta X-Men '97, katuni ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ile ya kwanza ilionyeshwa 1992 hadi 1997, na hii ilitoka Machi 2024. Hawakuanza upya. Walichukua pale pale hadithi ilipoachwa wakaendelea kama waliolala usiku mmoja wakaamka. Cal Dodd karudi na sauti ya Wolverine, Lenore Zann na Rogue, Alison Sealy-Smith na Storm. Sisi Wakenya Storm ni wetu kwa upande wa mama: kwenye vitabu vya katuni, mama yake ni Mkenya. Nilipokuwa mdogo sikulijua hilo, nilijua tu kuna mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe anayeamrisha mvua, na nilimpenda kuliko wote.

Niliiangalia nikitokwa na machozi, wallahi. Ila mwanangu wa miaka tisa aliketi nami sehemu mbili akaniuliza, "Baba, huyu ni nani tena?" mara nane hivi. Sikuwa na jibu fupi hata moja.

---

Chogo Inchi 14 (mleta uzi)

Mwana wa Kisauni, nimekubali na narekebisha: maneno, siyo sauti. Asante.

Na kisa cha mwanao kimenifungua macho kuliko maandishi yangu yote ya juu. Kumbe kuna kurudisha kwa aina mbili. Kuna kumrudishia baba, na kuna kumkabidhi mtoto. X-Men '97 imemrudishia baba, na imefanya hivyo kwa heshima kubwa. Mtoto hakukabidhiwa kitu.

---

Penseli HB

Wadau, mimi nachora katuni kwa kazi, Dar. Niongeze upande wa mezani, kwa sababu watu wakisema "hawana mapenzi kama wa zamani" wanatuonea.

Filamu ina picha 24 kwa sekunde. Katuni nzuri ya sinema ya zamani ilichorwa kwa kawaida mchoro mmoja kwa kila picha mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na pale penye kasi wakaongeza. Filamu fupi ya Tom and Jerry ni kama dakika saba. Piga hesabu: sekunde 420 mara 12 ni michoro 5,040, kwa mhusika mmoja tu akiwa anatembea muda wote. Wako wawili. Hujagusa mandhari wala wino wala rangi. Hanna na Barbera walikuwa wakichukua wiki nyingi kwa filamu moja, na malipo yalitoka sinema.

MGM ilipowafungia mlango 1957, wawili hao hao wakaanzisha studio yao kwa ajili ya televisheni, ambayo bajeti yake ilikuwa kipande kidogo tu cha ile ya zamani. Wakabuni njia ya kubana. Mwili umesimama, kichwa pekee kinasogea. Mhusika akikimbia, nyuma yake mti ule ule, dirisha lile lile, mti ule ule. Mkumbuke Yogi Bear, yule dubu wao, na kola yake na tai. Ile siyo mitindo. Kola inaficha mahali kichwa kinapokatwa kutoka kwenye mwili, ili kichwa kichorwe upya na mwili ubaki vile vile. Nikiiona tai nyekundu ya Jerry wa 1975 nakumbuka hila hiyo mara moja.

Ukishaondoa mwendo, lazima ujaze na kitu. Wanajaza maneno. Maneno ni rahisi, mtu mmoja anaongea dakika nzima na mdomo tu ndio unachezacheza. Kwa hiyo mleta uzi, kipimo chako kinapima pesa kabla hakijapima mapenzi. Leo tunatumia programu ambapo mhusika anatengenezwa vipande vipande kama mwanasesere, mkono, kiwiko, sikio, kisha unavisogeza. Inaokoa miezi. Lakini Tom alikuwa anabanwa na mlango anakuwa bapa kama chapati, anaingia ndani ya chupa anachukua umbo la chupa. Mwanasesere wa vipande habonyei hivyo. Mpaka mtu ashike penseli achore huo mchoro mmoja wa katikati unaoonekana kwa sehemu ndogo ya sekunde, ule ambao hakuna mtazamaji atakayekumbuka kuuona. Binti yako aliuona. Hakujua kama ameuona, lakini ndio uliomkalisha.

---

Mama Pacha

Habari zenu. Nina pacha wa miaka minane na mimi natetea mpya, angalau kwa jambo moja ambalo wanaume wote humu mmelipita.

Yule mama anayeonekana miguu tu. Soksi, kandambili, aproni, ufagio mkononi, anamfokea Tom. Mweusi. Mnamkumbuka. Sisi tulimcheka. Alikuwemo kuanzia filamu ya kwanza ya 1940 mpaka mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na sauti yake ilikuwa ya mwigizaji Mwafrika-Mmarekani, Lillian Randolph. Alichorwa vile Wazungu wa wakati ule walivyopenda kumwona mwanamke mweusi: mtumishi, mnene, hana uso. Nasema tena, hana uso. Na kuna vile vipande ambavyo bomu likilipuka, Tom au Jerry anatoka na uso mweusi na midomo mikubwa, na hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa kichekesho.

Watoto weusi tumekaa sakafuni Morogoro, Mombasa, Mbeya, tunacheka uso wetu. Hatukujua. Kiingereza kile mleta uzi anachosema hatukukihitaji, hapo tulikihitaji.

Miaka ya sitini walijaribu kumfuta. Katika baadhi ya filamu walichora juu yake mwanamke mweupe mwembamba na kumpa sauti ya Kiairishi. Baadaye kwenye mojawapo ya seti za DVD wakamweka mwigizaji Whoopi Goldberg mwanzoni aeleze kwa nini picha hizo zipo na kwa nini zilikuwa makosa hata siku zilipotengenezwa. Mimi hiyo ya pili ndiyo naiheshimu. Kumfuta ni kama kusema Lillian Randolph hakufanya kazi.

Kwa hiyo mkisema "warudishe kama ilivyokuwa", mjue mnaomba na hilo. Pacha wangu wanaangalia mpya, na sijawahi kulazimika kuisimamisha katikati kwa aibu.

---

Mwana wa Kisauni

Mama Pacha, umesema kweli na sina la kuongeza. Nilikuwa nacheka na marehemu bibi yangu alikuwa anaangalia bila kucheka. Leo ndiyo nimejua sababu.

---

Chogo Inchi 14 (mleta uzi)

Nimesoma bandiko la Mama Pacha mara tatu. Yule mama nilimsahau kabisa nilipoandika, na nimejiuliza kwa nini nilimsahau wakati nakumbuka hadi rangi ya kitambaa cha kabati.

Sibadilishi kwamba za zamani zimechorwa vizuri zaidi. Ila neno "bora" nililitumia kwa urahisi mno. Yule aliyechora mkono wa Tom ukicheza piano ndiye huyo huyo, au jirani yake wa meza, aliyechora ile miguu. Ufundi ule ule. Inabidi nimweleze binti yangu hayo mawili kwa pamoja.

---

Ziwa Magharibi

Mimi nachangia mara chache ila hii imenigusa. Naomba niongelee DuckTales.

Ya kwanza ilikuwa 1987 hadi 1990, sehemu 100. Bata mzee tajiri Scrooge McDuck anaishi na wajukuu watatu wa ndugu yake, wale bata wadogo wa kofia nyekundu, bluu na kijani. Wanaletwa kwake kwa sababu mjomba wao Donald anakwenda jeshi la majini. Watatu hao waliigizwa na mtu mmoja, Russi Taylor, na hukuweza kumtofautisha huyu na yule ila kwa rangi ya nguo.

Mwaka 2017 ikarudishwa, ikaenda mpaka 2021, Scrooge akiigizwa na David Tennant. Watengenezaji wake, Matt Youngberg na Francisco Angones, wakajiuliza swali ambalo lilikuwa wazi siku zote na halikuwahi kuwa moyo wa hadithi: mama wa hawa watoto yuko wapi?

Nimelelewa na mjomba wangu, Bukoba. Nyumba yetu ilikuwa na watoto saba wa mama tofauti, na swali hilo halikuulizwa mezani. Ulijifunza kutoliuliza. Katika DuckTales mpya watoto wanaliuliza. Wanapekua makaratasi ya mzee usiku. Wanamkasirikia. Mzee ana hatia yake, maana chombo alichopotea nacho mama yao ni yeye aliyekijenga. Na kila mtoto sasa ana sauti yake na tabia yake, kwa hiyo kila mmoja anaumia kivyake: mmoja anatafuta ushahidi, mmoja anakasirika, mmoja anaficha. Mama, Della, anakuja kuonekana akiwa hai mwezini.

Niliangalia sehemu hiyo na mpwa wangu ambaye naye sasa anaishi kwangu. Alikuwa na miaka kumi. Katuni ilipoisha akaniuliza kuhusu mama yake kwa mara ya kwanza tangu aje. Tulikaa mpaka saa sita usiku.

Mleta uzi, katuni hiyo kwa kipimo chako inafeli. Ina maneno mengi kweli kweli, na nilikuwa namtafsiria karibu kila sentensi. Lakini imekabidhi.

---

Penseli HB

Ziwa Magharibi, asante kwa kutuandikia hili.

Nadhani umeonyesha kitu ambacho sisi wa kazi hii tunakitafuta. Waliorudisha DuckTales hawakuanza kwa kuuliza watu wanakumbuka nini. Waliuliza ile ya zamani iliacha nini bila kukijibu. Rangi za bata wadogo zilibaki, wimbo wa mwanzo ulibaki ukiimbwa upya, ila nguvu iliwekwa kwenye tundu.

Tom and Jerry haina tundu la namna hiyo. Paka anamfukuza panya, basi. Ndiyo maana kila anayeirudisha anahangaika: anawafanya marafiki, anawafanya watoto, anawapa sauti. Kinachobaki cha kufanya ni kimoja, kuchora vizuri, na hicho ndicho ghali.

Au kuwahamisha. Kuna filamu fupi za Tom and Jerry za miaka ya karibuni zilizotengenezwa Singapore, wanyama wale wale ila wako kwenye mitaa na maghorofa ya kule. Nilipoziona nilifikiria Tom anamfukuza Jerry uchochoroni Mji Mkongwe, kwenye vile vibaraza, mlango wenye misumari ya shaba unafunguka usoni pake. Nimechora kurasa nne za majaribio kwa ajili yangu tu. Mlango ule unatoa sauti nzuri mno kwa katuni, hata ukiwa kwenye karatasi unausikia.

---

Mwana wa Kisauni

Zilete humu kurasa hizo!

Na lugha je? Kenya tuna DJ Afro anayetafsiri filamu za mapigano, na Tanzania mlikuwa na Lufufu. Watu waliacha filamu yenyewe wakafuata sauti ya mtafsiri. DuckTales ya Ziwa Magharibi ingeingizwa sauti za Kiswahili safi, na waigizaji hasa, siyo mtu mmoja anasoma, yule mpwa angelielewa swali bila kusubiri mjomba. Ubongo Kids walianza TBC1 mwaka 2014 na watoto wakaimba hesabu kwa Kiswahili. Sauti tunazo. Kilichokosekana ni mwenye haki za katuni kuona kwamba huku kuna watoto.

---

Ziwa Magharibi

Mwana wa Kisauni, nakubali, isipokuwa ile nafasi ya kutafsiri nisingependa inyang'anywe yote. Ni kwa sababu nilikuwa nasimamisha na kutafsiri ndiyo nilikuwa nimekaa karibu naye.

---

Mama Pacha

Narudi na taarifa. Jana usiku niliwawekea pacha ile ya piano ya mwaka 1947. Kwanza niliiangalia peke yangu mpaka mwisho, nikahakikisha. Yule mama hayumo, bomu halimo. Ni paka, panya, na piano.

Sikusema neno. Kurwa alicheka tangu mwanzo. Doto hakucheka kabisa, alikuwa anaangalia vidole. Asubuhi nimemkuta mezani, uji umepoa, anapiga ukingo wa meza kwa vidole kumi, mkono wa kulia ukivuka juu ya wa kushoto kama Tom alivyofanya. Alikuwa hana sauti yoyote mdomoni. Nimesimama mlangoni nikamwacha amalize.

Penseli HB, hizo kurasa za Mji Mkongwe nami naziomba. Doto anauliza kama mlango una mtu nyuma yake au unafunguka wenyewe.